Ebola na mjumbe aliyeachwa mlangoni: Kinachotokea ndani ya seli siku za kwanza za homa

Ngungu. Gunia la maharagwe linalotoka Ngungu, kusini mwa wilaya ya Masisi, haliendi sokoni Goma moja kwa moja. Njiani kuna mti uliolazwa barabarani, au kamba iliyofungwa kati ya vigingi viwili, na kando yake mtu anayeuliza: una jetoni? Wenyeji huita kizuizi hicho barieri. Asiye na kile kikaratasi hulipa, husubiri au hurudi alikotoka.

Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya IPIS ya Ubelgiji ilihesabu karibu barieri 800 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Kwa hiyo mkazi wa Masisi hahitaji mwalimu wa kumweleza kwamba mzigo hauvuki kwa kuwa ni mzuri. Unavuka kwa kuwa una karatasi, na kwa kuwa aliyeubeba anajulikana pale kizuizini.

Utaratibu unaofanana na huo upo ndani ya mwili wa kila mmoja wetu. Seli ina chumba chake cha ndani kiitwacho kiini, na ukuta wa kiini kimoja una milango ipatayo 2,000. Ni kwenye milango hiyo ambako virusi vya Ebola, vilivyoua watu 2,287 mashariki mwa Congo kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, hucheza mojawapo ya hila zake kubwa.

Hila hiyo haikuzungumzwa sana wakati wa mlipuko. Watu walikuwa na mambo mengine ya kuogopa.

Swali la kwenye kilio

Mlipuko ulitangazwa Agosti 1, 2018, ukaanzia Mangina na Beni, ukaenda Butembo, Katwa na kwingineko. Ulipotangazwa kwisha Juni 25, 2020, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikuwa limeandika wagonjwa 3,470 katika maeneo ya afya 29 ya Kivu Kaskazini, Ituri na Kivu Kusini.

Masisi ilinusurika, lakini kwa karibu mno. Agosti 2019 mgonjwa alithibitishwa Pinga, katika wilaya jirani ya Walikale. Mwezi uliotangulia, Julai 14, mchungaji aliyesafiri kwa basi kutoka Butembo alikutwa na virusi hivyo Goma, mji ambako watu wa Ngungu hupeleka maharagwe, viazi na jibini yao. Siku tatu baadaye WHO ilitangaza dharura ya kimataifa. Agosti 1, Rwanda ilifunga mpaka wake na Goma kwa saa kadhaa, na pale Petite Barrière, ambapo makumi ya maelfu ya watu huvuka kwa miguu kila siku, wachuuzi walibaki wamesimama na mabeseni vichwani.

Sote tulioishi Kivu wakati ule tunayakumbuka maji ya klorini yaliyokausha mikono na kipimajoto kilichoelekezwa kwenye paji la uso kama bastola. Tunakumbuka pia uvumi. Wapo waliosema Ebola ni biashara, wengine wakasema ni siasa ya uchaguzi. Vituo vya matibabu vilichomwa moto. Aprili 19, 2019, daktari Richard Mouzoko, raia wa Cameroon aliyekuwa akifanya kazi na WHO, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo.

Lakini chini ya uvumi ule kulikuwa na swali la haki kabisa, lililoulizwa kwenye vilio vingi: huyu mtu juzi alikuwa shambani, mwenye nguvu zake, mwili wake ulikuwa wapi kumtetea? Malaria inamwangusha mtu, anainuka. Surua inampiga mtoto, mara nyingi anapona. Iweje homa hii ianze Jumatatu kama homa yoyote, na Jumatatu inayofuata tuwe makaburini?

Swali hilo lilijibiwa kwa matusi na wengine, kwa mahubiri na wengine. Jibu la kisayansi lilikuwepo tangu mwaka 2006, na ili kulielewa lazima kwanza tuingie ndani ya seli.

Mlango usio na ubao

Kiini ndicho kinachohifadhi DNA, yaani maagizo yote ya mwili. Kazi zenyewe, hata hivyo, hufanyika nje ya kiini, ambako protini hutengenezwa. Kwa hiyo kuna msafara usiokoma. Nakala za maagizo hutoka nje, na protini zinazosimamia maagizo hayo huingia ndani. Mlango mmoja unaweza kupitisha hadi molekuli 1,000 kwa sekunde.

Usiufikirie kama mlango wa nyumba wenye ubao na komeo. Ni tundu lililojengwa kwa protini za aina 30 hivi, na ndani yake zimening'inia nyuzi laini zilizosongamana. Molekuli ndogo hupenya katikati ya nyuzi hizo bila kuuliza mtu, kama mtoto anavyopita chini ya kamba ya barieri. Protini kubwa hukwama. Ikitaka kupita, inahitaji vitu viwili: alama maalumu mwilini mwake, na protini nyingine ya kuibeba.

Mbebaji huyo wanasayansi humwita kariyoferini, na wale wa kuingiza mizigo huitwa pia importini. Kazi yake inafanana sana na ya kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo Goma imeijengea sanamu katikati ya mji. Kijana huchukua mzigo wenye alama anayoitambua, husukuma hadi ndani, hushusha, kisha hurudi mtupu kuchukua mwingine. Anayemwambia ashushe ni protini ndogo iitwayo Ran, ambayo ndani ya kiini huwa katika hali moja na nje huwa katika hali nyingine. Kwa tofauti hiyo tu mbebaji hujua kama ameshafika au bado yuko njiani.

Wapo pia wabebaji wa kutoa mizigo nje, eksportini, nao wana alama zao wanazozisoma. Mlango ni uleule mmoja, wa kuingilia na kutokea, na kwa jinsi msongamano ulivyo mkubwa inashangaza kwamba kwa kawaida hakuna foleni.

Mkia wa chura

Alama hiyo iligunduliwaje? Sehemu ya jibu iko kwenye mayai ya chura wa Afrika, yule mwenye kucha miguuni, ambaye maabara za dunia nzima humfuga. Ndugu yake wa karibu anaishi kwenye maji ya nyanda zetu za juu, na wataalamu wa Ulaya humwita kwa jina la Kivu.

Mwaka 1982, kundi la Ron Laskey mjini Cambridge, Uingereza, lilichukua protini moja ya kiini cha yai la chura huyo, protini yenye umbo la kichwa na mikia, na kuikata vipande. Walipodunga vichwa pekee ndani ya yai, nje ya kiini, vilibaki nje. Walipodunga mikia pekee, iliingia. Na kichwa kilichoachiwa hata mkia mmoja tu nacho kiliingia. Jetoni ilikuwa mkiani.

Miaka miwili baadaye, watafiti wa London walionyesha kwamba alama ya namna hiyo katika protini ya kirusi kimoja cha nyani ni asidi amino saba tu zilizofuatana. Ukiharibu moja tu kati ya hizo, iliyo muhimu, protini nzima hubaki nje. Mbebaji mwenyewe alipatikana Cambridge mwaka 1994, kazi iliyoongozwa na Dirk Görlich.

Hapa naomba nimtaje mtu mmoja ambaye wakazi wa kambi za Masisi wangemwelewa. Günter Blobel, aliyepata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1999 kwa kuonyesha kwamba protini hubeba ndani yake alama za mahali zinapotakiwa kwenda, alikuwa mtoto wa miaka minane familia yake ilipokimbia vita Januari 1945, ikiacha kijiji cha Silesia ambacho leo kiko Poland. Njiani aliuona mji wa Dresden ukiwa bado mzima, wiki chache kabla haujateketezwa kwa mabomu. Dada yake aliuawa katika shambulio la ndege. Fedha za Nobel alizitoa kusaidia kuujenga upya mji ule, kanisa lake na sinagogi lake. Maisha yake yote ya utafiti, aliyoyamalizia New York mwaka 2018, aliuliza swali moja: kitu kilichoondoka kwao kinajuaje pa kwenda?

Mjumbe anaitwa STAT1

Sasa turudi kwenye homa.

Kirusi kinapoingia katika seli, seli ile hupiga kengele kwa kutoa kemikali iitwayo intaferoni. Intaferoni huenda kugonga kwa majirani. Seli jirani ikigongwa, ndani yake protini iitwayo STAT1 hubandikwa alama ya fosfeti, na hapo hugeuka mjumbe. Ujumbe wake ni mfupi: adui yuko kijijini, fungueni ghala la silaha. Ghala lenyewe liko ndani ya kiini, kwenye DNA.

STAT1 ni kubwa, haiwezi kujipenyeza. Lazima ibebwe. Binadamu ana kariyoferini alfa za aina saba, na mjumbe huyu anapandishwa na kundi dogo tu kati yao, hasa namba 1, 5 na 6. Akifika ndani, mamia ya jeni huamshwa. Nakala zake hutoka kwa mlango uleule, na nje hutengenezwa protini za vita. Zipo zinazokatakata RNA ya kirusi, na zipo zinazosimamisha kiwanda cha protini cha seli nzima ili kirusi kikose pa kuzaliana. Mjumbe akishamaliza huvuliwa alama yake na kutolewa nje na eksportini, tayari kutumwa tena.

Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Kwa mafua mengi ndivyo inavyokuwa, na ndiyo sababu mtu huumwa siku tatu na kuamka.

Ebola hubadilisha hadithi kwenye hatua moja. Miongoni mwa protini zake chache kuna inayoitwa VP24. Mwaka 2006 kundi la Christopher Basler, wakati huo akiwa Mount Sinai, New York, lilionyesha kwamba VP24 humshika yule mbebaji. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani, Basler akiwa mmoja wao na Gaya Amarasinghe wa St. Louis akiwa kiongozi, walichapisha umbo la protini hizo mbili zikiwa zimekumbatiana, na hapo hila ikaonekana wazi. VP24 hukaa palepale ambapo STAT1 ingekaa, na hushika kwa nguvu kuliko yeye. Mjumbe anafika na ujumbe wake mkononi, alama ya fosfeti imebandikwa vizuri, lakini kiti kina mtu.

Kilichonishangaza zaidi nilipousoma utafiti huo ni kitu ambacho VP24 haikifanyi. Haifungi barabara. Mizigo mingine yenye alama za kawaida hukaa sehemu nyingine ya mbebaji yuleyule, nayo inaendelea kuvuka kama kawaida. Seli inakula, inapumua, inatengeneza protini. Mtu wa barieri hana habari. Kirusi kinahitaji seli iwe hai na yenye afya ili kizaliane, kwa hiyo kimemnyima usafiri abiria mmoja tu.

Tena Ebola yenyewe haina haja ya kuingia ndani ya kiini. Huzaliana nje, katika ute wa seli. Imekuja kukaa mlangoni kwa ajili ya kumzuia mwingine tu.

VP24 haiko peke yake. Protini nyingine ya kirusi hicho, VP35, huziba kengele yenyewe katika seli ya kwanza ili intaferoni isitolewe. Na Marburg, ndugu wa Ebola aliyeipiga Kagera nchini Tanzania mwaka 2023 na Rwanda mwaka 2024, hutumia njia tofauti: humzuia yule anayembandika mjumbe alama, hivyo mjumbe hata hafiki mlangoni. Matokeo kwa mgonjwa yanafanana.

Hilo ndilo jibu la swali la kwenye kilio. Mwili wa marehemu haukuwa dhaifu, wala haukulala. Katika seli nyingi kengele ilipigwa, mjumbe akaandaliwa, akaenda, akafika mlangoni. Aliishia hapo. Kufikia siku ambapo sehemu nyingine za kinga ziligundua, kirusi kilikuwa kimekwisha kujaza damu.

Siku moja ina bei gani

Ukielewa hivyo, utaona kwa nini wahudumu wa afya walikuwa wakisisitiza kuwahi, jambo ambalo kwa wengi lilisikika kama amri tu ya watu wenye magari makubwa.

Novemba 2018, katikati ya vita na mlipuko, jaribio la tiba lililopewa jina PALM lilianza Beni, likaenea hadi Butembo, Katwa na Mangina. Lilisimamiwa kwa pamoja na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Kibiolojia (INRB) ya Profesa Jean-Jacques Muyembe na taasisi ya afya ya Marekani. Wagonjwa 681 waligawanywa katika makundi manne ya dawa. Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu dawa mbili zilikuwa zimeonyesha ubora usio na ubishi.

Kati ya waliopewa mAb114, walikufa asilimia 35. Waliopewa REGN-EB3, asilimia 34 hivi. Waliopewa dawa nyingine mbili, karibu nusu au zaidi walikufa.

Dawa hizo mbili ni kingamwili. Ya kwanza ina asili yake hapahapa Congo: ilitokana na damu ya mtu aliyenusurika mlipuko wa Kikwit wa mwaka 1995, iliyochukuliwa miaka 11 baadaye. Leo inaitwa Ebanga. Hazigusi VP24 wala mlango wa kiini. Hukishika kirusi mapema zaidi, kikiwa bado hakijamwaga mzigo wake ndani ya seli. Hapo ndipo penye mantiki yake yote. Seli ambayo haijaingiliwa bado ina mbebaji aliye huru, na mjumbe wake bado atavuka. Seli iliyokwisha kuingiliwa, kingamwili haina cha kuifanyia.

Takwimu za PALM zinalingana na picha hiyo. Waliofika ndani ya siku moja tangu homa ianze, walikufa asilimia 19. Waliofika baada ya siku tano, asilimia 47. Kwa wale ambao damu yao bado ilikuwa na virusi vichache, dawa hizo mbili zilishusha vifo hadi asilimia 10 na 11 hivi. Watafiti walikokotoa kwamba kila siku ya kuchelewa iliongeza uwezekano wa kufa kwa asilimia 11.

Kwa wastani, wagonjwa wa PALM walikuwa na zaidi ya siku tano za dalili walipofika. Wengi wao hawakukaa nyumbani kwa ukaidi. Walianza na dawa ya malaria, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili huku kwetu angefanya. Kisha duka la dawa, kisha kituo kidogo cha afya, kisha maombi. Nani angedhani?

Jambo moja lisisahaulike: dawa hizo mbili ni za Ebola ya aina ya Zaire. Uganda ilipopata Ebola ya Sudan mwaka 2022, hazikuwa na msaada kwa wagonjwa wale.

Tahadhari kuhusu vidonge

Kila mara sayansi inapoeleza mlango, atatokea mtu wa kuuza ufunguo. Hili tumeliona.

Ivermektini inajulikana sana Congo, ndiyo kidonge kinachogawiwa vijijini dhidi ya upofu wa mtoni, ugonjwa unaoletwa na inzi wadogo wa kando ya mito. Mwaka 2012 watafiti wa Australia waliona kwamba katika maabara dawa hiyo huwazuia baadhi ya wabebaji wa kuingiza protini kwenye kiini. Aprili 2020, maabara hiyohiyo ikaripoti kwamba ilipunguza virusi vya korona ndani ya seli zilizofugwa kwenye sahani. Habari zikaenea kwa WhatsApp kabla hata wino haujakauka. Watu wakanywa, wengine wakanywa hata ile ya ng'ombe.

Kiasi kilichotumika kwenye sahani kilikuwa kikubwa mno kuliko kile ambacho damu ya mtu inaweza kufikia kwa kipimo cha kawaida. Jaribio kubwa lililofanyika Brazil kwa wagonjwa 1,358, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2022, halikuona faida yoyote kwa korona. Kidonge kinabaki kuwa kizuri kwa ugonjwa wake.

Na kuna upande wa pili wa haki kuusema. Kuujua mlango kumezaa dawa za kweli. Selineksori, inayomzuia mmoja wa wabebaji wa kutoa nje, imeruhusiwa Marekani tangu 2019 kwa aina moja ya saratani ya uboho. Virusi vya Ukimwi, tofauti na Ebola, lazima viingie ndani ya kiini, na ganda lake hujifanya mbebaji ili nyuzi za mlangoni zilipishe. Lenakapaviri, sindano ya kinga inayodungwa mara mbili kwa mwaka, hushika ganda hilo na kulivuruga. Katika jaribio lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, wanawake 2,134 waliopewa sindano hiyo hawakupata hata ambukizo moja. Matokeo yalitoka mwaka 2024.

Kwa Ebola, dawa ya kumwondoa VP24 kitini bado haipo. Maabara zinatafuta molekuli ya kukaa pale bila kumzuia STAT1, kazi ngumu kwa sababu wote wawili wanataka kiti kilekile. Mpaka ipatikane, kinga iliyopo ni chanjo, ambayo zaidi ya watu 300,000 walidungwa wakati wa mlipuko wa 2018 hadi 2020, na tiba iliyopo ni kingamwili inayotolewa mapema.

Njia ya kutoka milimani

Ebola haijaondoka Congo. Ilirudi Butembo mwaka 2021. Septemba 2025 ilitangazwa Bulape, Kasai, ikiwa ni mara ya 16 tangu Yambuku mwaka 1976.

Ikija Masisi, itakuta nini? Itakuta watu waliohamishwa na vita mara mbili, mara tatu, wanaolala wengi chumba kimoja. Itakuta milima ambako mgonjwa asiyeweza kukaa kwenye pikipiki hubebwa kwa kipoyi, mabegani mwa wanaume wanne wanaopokezana, na mvua ya Masisi inayogeuza barabara kuwa uji. Itakuta barieri zilezile. Mlinzi wa kizuizi hana kipimo cha Ebola, ana kamba tu, na homa ya mtu aliyelala kwenye kipoyi haimhusu mpaka jetoni ionekane.

Msafara unaosimamishwa asubuhi huvuka jioni. Unaosimamishwa jioni hulala hapo. Ndani ya mgonjwa, usiku huo, kirusi kimoja kinazaa maelfu, na katika kila seli mpya kinachoingia VP24 inakaa kitini kabla mjumbe hajafika. Asilimia 11 ile ya PALM ilihesabiwa kwa siku nzima, na mvua ikinyesha, kutoka milima ya Ngungu hadi kando ya ziwa hiyo ni safari ya kawaida.